Nyungu Siku ya Posa

Consolatha ni fundi cherehani wa Gongoni, pale Tabora mjini. Kila kiangazi, vumbi la barabarani likikutana na vumbi la vitambaa, pua yake huziba kabisa. Kichwa kinakuwa kizito, macho yanawasha, harufu hasikii, hata chumvi kwenye mboga haitambui. Daktari alimwambia ni sainasi, akampa dawa na kumsihi avae barakoa kazini. Aliivaa, dawa akameza, na ahueni ilikuwa ikija kwa kusuasua.

Kibaya zaidi, "m" na "n" zilimtoroka kinywani. Mchumba wake Damas, mrina asali wa Usinge, akipiga simu alijibiwa, "Dakupeda sada, Dabas." Damas alicheka mpaka akaomba aambiwe tena.

Siku ya posa ikafika. Asubuhi jirani yake Shahida, mwenye duka la viungo, alikuja kusaidia kupika pilau, akamkuta bibi harusi mtarajiwa kavimba macho, pua nyekundu kama nyanya.

"Wakwe wako njiani nawe uko hivi?" alimaka. "Haya, uani! Upige nyungu."

Akachemsha majani ya mkaratusi, mchaichai, kivumbasi na tangawizi iliyopondwa. Chungu kikaepuliwa, kikawekwa chini kikatulia. Consolatha akakaa kwenye kigoda, akafunikwa blanketi gubigubi.

"Usiinamie sana, mvuke utakuunguza. Vuta taratibu," Shahida alimwambia, kisha akaenda kutandika sebule.

Wageni wakawahi, maana walipata lifti ya pikapu. Wanaume, Damas akiwemo, walikaribishwa sebuleni na baba yake Consolatha. Mama yake Damas, Bi Marcelina, aliulizia choo, akaelekezwa uani. Huko akakuta blanketi linafuka mvuke, linatikisika na kupiga chafya.

"Yesu na Maria! Nani humo?"

Blanketi likafunuka. Consolatha akatokea, jasho linamchuruzika, jani la mkaratusi limemganda kwenye paji la uso. Akapiga goti palepale.

"Shikaboo, baba!"

"Baba? Mimi?"

"Hapada, baba! Dabaadisha baba!"

Bi Marcelina alicheka hadi akashikilia ukuta. "Marahaba, mkwe wangu. Sainasi hiyo! Mimi yangu ya miaka mingi, moshi wa kurinia asali umenimaliza. Hebu sogea nami niingie."

Akavua viatu, akajibana naye mle ndani. Mila ilitaka binti ajifiche mpaka aitwe. Basi alijificha, ila na mama mkwe.

Sebuleni, mshenga Mzee Lukumani alisimama, akakohoa kidogo. "Tumepita tukaona ua katika bustani hii," alianza, "na mama yetu hapa ataeleza..." Akageuka. Mama hayupo. Kutoka uani zikaja chafya mbili za kupokezana, kisha vicheko.

Damas akafuata sauti, akakuta blanketi lenye miguu minne.

"Mama?"

"Nenda zako! Tuna mazungumzo ya wanawake!"

Mara ndani ya pua ya Consolatha kitu kikaachia. Mkaratusi ukamwingia, mkali, mpaka utosini. Kikafuata kivumbasi, kisha sabuni kwenye kitenge cha mama mkwe. Alitaka kulia kwa furaha. Halafu ikaja harufu nyingine.

"Mama," alisema, na "m" zote zimenyooka, "pilau inaungua!"

Wakachomoka pamoja, blanketi bado mabegani, wakapigana vikumbo mlangoni mwa jiko na Shahida aliyetoka upande wa pili. Pilau ya juu waliiokoa. Ya chini ilikuwa ukoko mtupu, na Damas akaugombea na Mzee Lukumani, aliyekwisha kuisahau hotuba yake.

Damas alimnong'oneza Consolatha, "Hebu niite."

"Damas."

"Mh. Ile nyingine ilikuwa tamu zaidi."

Baada ya chakula baba yake Consolatha alijikaza, akamwita binti yake mbele za watu. "Mwanangu, wageni hawa unawafahamu? Posa yao tuipokee?"

Consolatha alifungua mdomo kujibu, macho yake yakagongana na ya Bi Marcelina. Ikawa basi. Mmoja alijificha kwenye khanga, mwingine akainamia mapajani, mabega yanacheza, machozi yanawatoka. Baba alisubiri jibu, akasubiri tena, hatimaye naye akashindwa kuzuia kicheko.

"Andikeni amekubali," alisema akijifuta macho, na Shahida akapasua vigelegele.