Mpira wa Ngozi wa Bwana Yasini

Enzi zetu pale Bombambili, mjini Songea, mpira haukuwa kitu cha kununua. Ulishonwa, ukakazwa kwa kamba, na kwa mtaa wetu mzima fundi wake nilikuwa mimi, Skola, mtoto wa kike wa miaka kumi na moja. Vijana wa leo wanajua hadi saizi ya viatu vya wachezaji wa Ulaya, lakini wape matambara na kamba uone kama hawatakuletea kata ya kubebea ndoo.

Mpira mzuri ulikuwa na siri zake. Katikati niliweka kipande cha godoro la sponji, nikakizungushia vitambaa, kisha vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli ili udunde. Zamani tulimalizia kwa majani makavu ya mgomba, lakini ilipoingia ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka yakaanza kujaa tena sabuni, kanga na redio, na pamoja navyo ikaja mifuko ya plastiki ya rambo. Wazazi walifurahia sukari, sisi tukafurahia mfuko uliobeba sukari. Nilipanga mifuko mitano, juu yake soksi kuukuu ya baba, na juu ya soksi kamba ya katani niliyoisuka kama wavu. Ukiupiga vibaya, kidole gumba kilikumbuka siku tatu.

Sheria ya uwanjani haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja: mwenye mpira lazima acheze. Akinuna, mechi imekwisha. Ndiyo maana mimi, msichana pekee, nilicheza winga ya kulia, gauni nimelichomeka ndani ya bukta ya kaka yangu. Mama hakupenda. "Miguu ya mtoto wa kike ni ya kwenda kisimani na kurudi, siyo ya kupigia mateke watoto wa watu," alikuwa akisema, huku akinipakulia ugali na likolo, zile mboga za majani za kwetu, na kuongeza kidogo kwa sababu alijua nimekimbia mchana kutwa.

Shida yangu ilikuwa Kastori, kapteni wetu. Kila nilipokosa goli alinikumbusha, "Siku tukipata mpira wa ngozi, wewe unarudi kwenye mchezo wa rede na wasichana wenzako." Sikujua kama anatania. Nilichojua ni kwamba niliupenda uwanja ule kuliko kitu kingine chochote, na kwamba hakuna aliyewahi kuniambia kama nachezeshwa kwa ajili ya miguu yangu au kwa ajili ya soksi ya baba.

Mpira wa ngozi ukaja. Bwana Yasini, mfanyabiashara kutoka Tunduru, alikuwa ameacha korosho akaingia kwenye mitumba. Siku moja alifungua robota sokoni, na kati ya masweta na suruali za watu wanene ajabu akakuta mpira wa ngozi halisi, wa kahawia, umeisha upepo na kulala bapa. Kastori na wenzake walimwendea na shikamoo zisizohesabika. Bwana Yasini alikuwa anajenga. "Nibebeeni maji ya kufyatulia matofali wiki mbili," akawaambia, "na inshallah mpira ni wenu."

Wakabeba. Mimi sikuitwa. Kastori alipita nyumbani nikiwa napukuchua mahindi, akasema, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, kwamba Jumapili watacheza na watoto wa mtaa wa Lizaboni na mimi nitakuwa mshangiliaji mkuu. Nililia. Mama alipouliza, nikasingizia moshi wa kuni, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Ijumaa waliupeleka kwa fundi baiskeli kuujaza upepo, nami nikaenda kumtazama adui yangu. Fundi akapampu. Mpira ukainuka, ukatanuka, halafu badala ya kuwa mviringo ukaanza kurefuka. Fundi akasimama, akautazama, akaendelea. Ukachongoka huku, ukachongoka kule, mpaka tukawa tumelizunguka papai.

"Huu una ngiri," fundi akasema, akafunga pampu yake.

Kastori, aliyekuwa na mabega yaliyochubuka kwa ndoo za wiki mbili, akasema utanyooka ukishazoea kuchezwa. Haukuzoea. Ukiupiga mbele unakwenda pembeni, ukiungoja kulia unakuruka kushoto. Mara ya mwisho ulitua katikati ya mihogo ya jirani iliyoanikwa, na jirani akatukimbiza na mwiko. Bwana Yasini alipofuatwa aliapa kuwa naye aliuona bapa kama wao, na kwa kuwapoza akampa kila mmoja kofia ya sufu, zile za nchi za theluji. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sikuona haya.

Jumamosi, baada ya mafundisho ya Kipaimara, tulimpelekea papai letu Sista Gaudensia, aliyewahi kusoma Marekani. Alipoliona alicheka hadi akaushika msalaba wa kifuani. "Huu huko wanaukumbatia na kukimbia nao," akatueleza, "na wenzao wanawakimbiza kuwaangusha chini. Na bado wanauita mpira wa miguu."

Tukataka kujua ni watu gani hao wasiopenda mpira wa kweli. Kastori akasema wana viatu vizuri, wanaogopa kuviharibu. Mwingine akasema ni nyama: mtu anayeshiba nyama kila siku atakimbiaje dakika tisini? Mimi nikasema papai haliwezi kushonwa kwa matambara, na mahali ambapo mpaka uende dukani ndipo ucheze, wengi watabaki watazamaji. Sista alitusikiliza kwa heshima, kama watu wazima. Akasema kila taifa lilishika mchezo ambao wageni wake au walimu wake walitangulia kuuleta, kisha likauonea fahari na kugoma kubadili.

"Lakini msidhani mpira wetu hawaujui," akaongeza. "Shuleni nilikokuwa ulichezwa sana. Na waliokuwa wakiucheza zaidi ni wasichana."

Kastori akavua kofia yake ya theluji. "Kumbe ndiyo maana haujakua huko," akasema, na wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimehamia Marekani tayari, na gauni langu ndani ya bukta.

Jumapili, baada ya misa ya pili, hodi ikapigwa. Timu nzima ilisimama uani. Kastori alimpa mama shikamoo, akaomba Skola.

"Mnamtaka Skola au mnautaka mpira wake?" mama akauliza.

Kastori hakuwa mwongo. Aliangalia vidole vyake vya miguu. Mimi nikaingia ndani, nikautoa mpira wangu mpya kabisa, nikampa mkononi. "Nendeni nao," nikasema. Nilitaka kujua, hata kama jibu lingeniua. Wakaenda. Hakuna aliyegeuka. Nikakaa na mama kuchambua maharage, na kelele za uwanjani zilikuwa zinafika hadi pale. Mama aliniwekea togwa kikombe kizima, nikashindwa kuinywa.

Kisha tukasikia miguu inakimbia. Alikuwa Kastori peke yake, anahema, jasho linamtiririka chini ya kofia.

"Mapumziko," akasema. "Wametufunga mbili."

"Mpira umepasuka?" nikamwuliza.

"Mpira upo mzima. Kulia hakuna mtu. Njoo, Skola."

Nilimtazama mama. "Maharage hayakimbii," akasema.

Tulifungwa tatu kwa mbili. Goli letu la pili lilikuwa langu, na nilipogeuka kushangilia nilimwona mama amesimama nyuma ya mlingoti wa goli na kanga yake, anajifanya mpita njia. Papai la Bwana Yasini lilitundikwa kwa fundi baiskeli kama pambo, na lilidumu miaka mingi kuliko mipira yangu yote.

Nikiulizwa leo kwa nini nchi moja imekufa kwa mpira na nyingine haina habari nao, nakumbuka hoja zetu mbele ya Sista, viatu, nyama na matambara, na sioni aibu kwa hata moja. Ila kwangu, mchezo unapendwa mahali ambapo mtoto mmoja akikosekana wenzake wanamfuata hadi kwao.

Mwanangu wa mwisho anacheza mpira kwenye simu. Ana nyasi za kijani mwaka mzima, ana mabingwa wa dunia katika timu yake, na goti lake halina kovu hata moja. Juzi simu ilimzimikia katikati ya mechi. Nikamwuliza wenzake watafanyaje bila yeye.

"Hakuna shida, mama," akasema. "Kompyuta inachukua nafasi yangu."

Akaichomeka simu kwenye chaji, akajilaza kwenye kochi. Mimi, sijui kwa nini, nikaenda kuufungua mlango wa uani, nikasimama pale nikisikiliza kama kuna miguu inayokimbia.