Kabati Ambalo Papa Alimjengea Nyoka

Tarehe nne Februari, Jumanne, saa tano asubuhi, nilimpoteza baba yangu. Siku mbili baadaye nilikwenda na mama kuchagua jeneza. Mwenye ofisi alituketisha kwenye viti laini, akafungua kitabu cha picha, akaanza kueleza kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Huko nyuma kuna mtu alikuwa akikata mbao, na harufu ya maranda ikanifikia pale nilipokaa.

Watu wananiambia ninachosikia ni huzuni, kwamba huzuni ina sura nyingi. Huzuni ninayo na ninaijua. Hii nyingine ni hasira, na ina miaka kumi na sita. Niliacha shule mapema na kazi yangu ni kusafisha vyumba vya hoteli, kwa hiyo sitaipamba. Nitaieleza kama ilivyokuwa.

Sisi ni watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, na kwetu baba tunamwita Papa. Papa alikuwa seremala. Mama anasema milango yake bado inafunguka na kufungwa kule, hata kwenye nyumba ambazo wenyewe hawapo tena. London alishika fagio na ndoo. Alisafisha shule moja kule Stanmore, na mikono yake, ambayo kwetu ilinukia mninga, ikawa inanukia dawa ya choo. Hakuwahi kulalamika. Hakuwahi pia kutaja ubao, msumari wala randa, na nyumbani hakuna aliyemuuliza.

Tuliishi Queensbury, vyumba viwili vya juu katika nyumba ya Mzee Gaston. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa kwetu, aliyefika Uingereza miaka mingi kabla yetu. Aliishi chini na mkewe. Jiko lilikuwa moja, friza moja, na sheria zilikuwa zake. Nilipofika miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeshaomba mbwa, nikakataliwa. Nikaomba paka, nikakataliwa. Mzee Gaston alisema manyoya yataziba bomba.

Ndipo mwalimu mmoja wa sayansi pale Stanmore akawa anahama, na alikuwa na nyoka mchanga ambaye hakujua ampe nani. Ni wale ambao Waingereza huwaita nyoka wa mahindi, ingawa mahindi hawali. Hana sumu. Alikuwa mwembamba kama penseli, rangi ya chungwa lililoiva, mwenye madoa mekundu mgongoni. Papa alirudi na habari hiyo jioni akaiweka mezani taratibu. Mama alicheka, kisha alipoona hatanii akaacha kucheka.

"Haina manyoya," Papa alisema. "Haipigi kelele. Na Mzee hajaikataza."

Mwalimu alimwambia kwamba nyoka si shida, shida ni nyumba yake. Akampa kifaa chembamba cha umeme cha kupasha joto, na karatasi mbili za maelekezo. Nyumba za dukani zilikuwa na bei ambayo hatungeiweza. Papa aliokota kabati lililotupwa kando ya barabara huko Stanmore, kabati la vitabu lisilo na mlango, la mbao za kweli. Dereva wa basi alimkatalia kupanda nalo. Alilibeba begani hadi Queensbury kwa miguu, akalipandisha ngazi Mzee akiwa kazini.

Wiki tatu zilizofuata ndizo wiki nzuri kuliko zote nilizoishi na baba yangu. Naziandika kwa meno yaliyoumana, lakini ndivyo zilivyokuwa.

Mimi nilisoma Kiingereza cha zile karatasi, nikatafsiri, naye akapima. Karatasi zilisema upande mmoja uwe na joto na upande wa pili uwe baridi, ili nyoka achague mwenyewe. Papa alitoboa matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande wa pili, akapitisha msasa kwenye kila tundu mpaka kidole changu kikapita bila kukwaruzwa. Alichonga mifereji miwili ya kutelezesha vioo. Vioo tulikwenda kuvikata kwa Mhindi mmoja mzee mwenye duka la vifaa, aliyezaliwa Kisumu. Aliposikia tunavyozungumza aliingia Kiswahili papo hapo, cha kwao, chenye haraka. Aliangalia vipimo ambavyo Papa alikuwa amevichora nyuma ya bahasha, akainua macho, akasema, "Wewe fundi." Hakuuliza. Papa alitazama sakafu, akatabasamu.

Tuliziba pembe kwa gundi ya silikoni, ambayo ilinukia siki. Maelekezo yalisema nyoka asiingie mpaka harufu iishe kabisa. Kila jioni Papa aliingiza kichwa chote ndani ya kabati, akavuta pumzi, akatoka, akasema bado. Mama, akikunja nguo kitandani, alimuuliza, akimwita kwa jina langu kama desturi yetu, "Papa Mapendo, hii nyumba ni ya nyoka ao ni yako?"

"Ikinitosha nitahamia," alijibu, kichwa kikiwa bado ndani.

Tuliweka maranda sakafuni, si ya msonobari, kwa sababu mafuta yake humdhuru nyoka. Tuliweka bakuli la maji la kutosha yeye kujilaza ndani, na tawi tulilolichemsha kuua wadudu. Karatasi zilidai mapango mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, maana nyoka mwenye pango moja tu hubaki humo hata kama anaumwa na baridi. Nilipomtafsiria sentensi hiyo, Papa aliniambia niisome tena. Kisha alitengeneza mapango yote mawili kwa mbao zilizobaki, yenye milango ya mviringo, mazuri kupita ilivyohitajika.

Mwisho alifunga kufuli dogo kwenye vioo, akatia ufunguo kwenye uzi, akanivika shingoni.

"Hii ni nyumba yake," alisema. "Hakuna mutu atamutoa humu."

Nilimwita nyoka wangu Karoti. Siku saba za kwanza hatukumgusa, tulikaa chini mimi na Papa tukitazama maranda, tukisubiri ncha ya pua itokeze. Siku ya nane alikula. Alikula panya wachanga waliogandishwa, wekundu, wasio na manyoya, wa urefu wa kidole. Hapo ndipo Mama alipoingia. Hakumpenda nyoka, lakini alimpenda Papa aliyekuwa amerudi kuwa Papa, na alikubali panya wakae kwenye friza ya chini kwa sharti kwamba atawafunga yeye mwenyewe. Aliwafunga vizuri. Aliwafunga kama alivyojua kufunga kitu cha thamani kwenye friza ya watu wengi, karatasi ya gazeti, kisha nailoni, kisha mafundo mawili. Ndivyo alivyofunga ndagala zetu, wale samaki wadogo wa ziwani tuliokuwa tukiletewa kutoka kwetu.

Ijumaa moja, mwezi wa pili tangu Karoti aingie, maombi yalikuwa kwa Mzee Gaston. Kila Ijumaa kikundi kilikuwa katika nyumba ya mmoja wao, kwa zamu, na mwenye nyumba alipika. Mkewe, Mama Debora, alikuwa na wageni kumi na wanne sebuleni na mchuzi ulikuwa mdogo. Kati yetu kuazima ndagala za jirani si wizi. Alichukua furushi la Mama, akalifungua mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakimsaidia, akamimina kwenye maji ya moto.

Nilikuwa juu. Nilisikia sufuria ikianguka, kisha mtu akipiga kelele kwamba ni panya.

Leo naweza kucheka kidogo. Siku ile hakuna aliyecheka. Walipanda ngazi wote, wengine wakiwa wameshika Biblia, na chumba chetu kikajaa watu mpaka mlangoni. Mama alikuwa amefunika kabati kwa kitenge, kama alivyofanya kila walipokuja wageni. Mzee Gaston alikivuta. Karoti alikuwa juu ya tawi, ameinua kichwa, ulimi unatoka na kuingia.

Mama Debora alisema sasa amejua kwa nini miguu inamuuma tangu Krismasi. Mwingine akasema ndiyo maana binti yake amekosa kazi. Walisema mengi, na kila mmoja alikuwa na lake la kumbebesha. Mzee Gaston aliwaacha wamalize. Kisha akamgeukia Papa, kwa upole, na hadi leo upole ule ndio unaonichoma.

"Papa Mapendo, unataka barua ao unataka nyoka?"

Sikujua ni barua gani. Nilimtazama Papa, nikisubiri aseme lile alilokuwa ameniambia. Papa alitazama kabati. Alilitazama muda mrefu, pembe kwa pembe, kama mtu anayekagua kazi. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

"Mapendo, fungua."

Nilidhani atamrudisha kwa mwalimu. Nilifungua kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimtoa Karoti kama nilivyofundishwa, mkono mmoja chini ya tumbo, nikamtia kwenye foronya aliyoishika Papa. Hilo silisahau, kwamba ni mimi niliyemtoa.

Niliwaona kupitia dirishani. Mzee Gaston alikuwa uani na debe la chuma na chupa ya mafuta ya taa. Papa alisema kitu, akatikisa kichwa. Akaiweka foronya juu ya saruji, akapiga magoti, akatoa nyundo kwenye mfuko wa koti. Alipiga mara moja. Kisha Mzee akachoma kilichobaki, na wageni wakaimba.

Papa alipopanda hakunitazama. Alisema, "Imekwisha." Nilimjibu kwa Kiingereza. Nilimwambia ni mwoga na simpendi, na nilichagua Kiingereza kwa makusudi, kwa sababu nilitaka anione nikisema na asielewe yote. Kuanzia jioni ile nilimjibu kwa Kiingereza, miaka na miaka. Aliniuliza nimekula, nikamjibu kwa Kiingereza. Aliniuliza shule ilikuwaje, nikamjibu kwa Kiingereza, haraka, na aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Hata nilipokuwa mtu mzima tulikuwa kama watu wawili wanaozungumza na ukuta katikati yao.

Kabati halikuchomwa. Lilikuwa zuri mno. Mzee Gaston aliliombea, akalipaka mafuta, na wiki iliyofuata lilikuwa sebuleni kwake, na nyuma ya vioo alivyovitia Papa kulikuwa na vikombe vya Mama Debora vya wageni. Kwa miezi kumi na saba Papa alipita mbele yake kila asubuhi akienda kusafisha vyoo vya Stanmore. Hakutengeneza kitu kingine. Tulipopata nyumba yetu, mlango wa kabati la jikoni ulilegea akamwita fundi wa halmashauri, akangoja wiki tano.

Barua niliijua nikiwa na miaka kumi na tisa. Mama aliniambia tukiwa tunamenya ndizi, bila kuinua macho. Ofisi ya uhamiaji ilikuwa haiamini kwamba Papa ni mtu wa Uvira. Ilitaka mtu mwenye makaratasi kamili aandike kwamba alimjua kule. Tuliyekuwa naye ni mmoja, Mzee Gaston. Barua ilikuwa imeandikwa tayari, ikakaa wiki sita kwenye droo bila sahihi, na ilitiwa sahihi Jumamosi ile, asubuhi baada ya moto. Mama aliniambia pia kwamba Mzee alitaka nyoka achomwe akiwa hai, maana ndivyo alivyoamini yanavyofanywa mambo hayo, na Papa akaomba aachiwe amalize yeye kwanza. Nyundo ilikuwa mfukoni kabla hajashuka.

Basi nilielewa. Nilidhani nikielewa hasira itaondoka. Ilihama tu, ikatoka kwa Papa, sehemu ikaenda kwa Mzee Gaston, na sehemu kubwa ikarudi kwangu. Maana nilielewa nikiwa na miaka kumi na tisa, naye amekufa nikiwa na ishirini na saba, na katika miaka hiyo minane sikumwambia. Nilirudi kwenye Kiswahili, ndiyo, taratibu, kwa habari za mvua na za dawa zake. Hilo jingine nilisema nitalisema. Nilikuwa naona haya. Hakuna sababu nyingine.

Kilio kilikuwa nyumbani kwa Mama, siku tano. Wanawake wa kanisa walipika tangu siku ya kwanza, waliosha vyombo, walilala sakafuni pamoja naye. Siku ya nne alikuja Mzee Gaston. Amezeeka, anatembea na fimbo, na watu walisimama kumpisha. Alipewa kiti cha mbele. Aliomba, kisha akasimulia jinsi alivyompokea marehemu katika nyumba yake, na jinsi marehemu alivyokuwa mtu mtii. Alisema neno hilo mara mbili. Nilitoka nikasimama kwenye korido, nikiwa na maneno yote tayari, na nilikuwa nimeshashika kitasa ili nirudi ndani nikayaseme mbele ya kila mtu.

Mama alinikuta hapo. Alikuwa amebeba kikombe cha chai kwenye sahani. Aliniangalia mkono uliokuwa kwenye kitasa.

"Mapendo," alisema, "hawa ndio watu nitakaobaki nao."

Akanipa kikombe. Niliingia, nikapita katikati ya watu, nikapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa, nikampa kwa mikono miwili. Alisema asante, mutoto wangu. Alionja, akasema haina sukari.

Nilikwenda kuileta.