Kikohozi cha Mtafsiri

Kwanza tuelewane: filamu zile ni takataka. Sitaki mtu asome mpaka mwisho halafu aje kunishika mkono akidhani nimeokoka. Ni takataka. Nilisema hivyo redioni kila Jumamosi alasiri, na leo bado nasema.

Nazungumzia zile filamu za familia zinazotengenezwa nchi za mbali: mama mkwe mwenye roho mbaya, tajiri na gari lake jeupe, mchungaji wa viatu vya ncha kali, na radi inayopiga kila mchawi akiingia mlangoni. Kwetu Kisangani zinafika zikiwa zimefunikwa na sauti ya mtu mmoja. Mtu huyo mmoja ndiye anatafsiri wote kwa Kiswahili chetu: baba, mama, mtoto mchanga, hata mbwa. Akifika kwa mwanamke anabana pua. Akichoka anafupisha, anasema, "Hapa wanasemasema tu," na watu wawili wanaendelea kulia machozi kwenye kioo huku yeye amenyamaza anakunywa chai yake. Mara nyingine anakohoa, na kikohozi kinabaki humo humo ndani ya filamu, maana nani atapoteza muda kukitoa.

Mimi nafundisha Kifaransa shule ya sekondari, na redioni nilipewa nusu saa ya vitabu na sinema. Kazi yangu pale ilikuwa kudharau, na kudharau ninakujua. Watu walipenda. Wamama wa kwaya walinisimamisha njiani kunipongeza: "Madame, juzi ulizipiga kabisa zile filme. Sisi hata hatuziangalii." Nikaitika kwa kichwa kama askofu.

Bon. Na Jumapili, tukitoka misa, nilikuwa nashikwa na migraine.

Migraine yangu ilikuwa na taratibu zake. Nafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, navuta rido la dirisha, nachomeka visikizio masikioni, naweka simu juu ya tumbo. Bwana yangu anafanya kazi kule Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, na ni mtu mwema kupita kiasi. Alikuwa anatembea nyumbani bila viatu ili kichwa changu kisisumbuke. Alikwenda kumwomba jirani asitwange pondu, majani yake ya muhogo, saa hiyo. Halafu anabisha mlango polepole na paracetamol na glasi ya maji, mimi nasukuma simu chini ya mto, nameza. Nimemeza paracetamol nyingi sana kwa ajili ya sinema.

Filamu zenyewe nilizichukua kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na soko, anayechaji simu za watu na kujaza kadi za memori. Nilimwambia aniwekee kwaya, halafu aongeze na zile takataka za jirani yangu. Hakucheka hata siku moja. "Jirani yako alishamaliza ya kwanza," aliniambia akiangalia mashine yake. "Nimuwekee ya pili?" Nilimdharau kwa adabu yake hiyo. Mtu anayejua uongo wako na bado anakuhudumia vizuri anachosha.

Msiniulize kwa nini nilizipenda. Wasomi wenzangu wana majibu mazuri kwa maswali ya namna hiyo, na hao pia nawadharau. Nimekaa nao mbele ya filamu kubwa zenye heshima, nimewaona wanalala midomo wazi, na taa zikiwaka wanapangusa mate na kusema, "Profond," yaani ina kina. Mimi mwenyewe nililala na nikasema "profond". Lakini mbele ya ile takataka, na joto la saa saba chini ya mabati, sijasinzia hata kidogo.

Kulikuwa na moja ya sehemu tatu. Binti amesoma, anaishi mjini, mama yake ni mgomvi anayemkosoa kwa kila kitu. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza mama anakufa. Binti anapiga magoti kando ya kitanda, na mtafsiri anabana pua: "Mama, amuka unigombeze. Nyumba hii imenyamaza sana." Hapo anakohoa, kikohozi kikavu, kisha anaendelea: "Nani sasa ataniambia nimevaa mubaya?" Dada ya marehemu anajibu kutoka mlangoni: "Umuache alale. Alishagomba ya kutosha." Wakati wote huo maiti anapumua. Tumbo linapanda na kushuka mbele ya macho yako, na kope zinacheza.

Katika sehemu ya tatu, yule mama anafungua mlango na kuingia, mzima, mkoba mkononi. Hakuna maelezo. Hakuna ndoto, hakuna muujiza, hakuna pacha. Anakaa mezani, wanakula. Nilitumia nusu saa nzima redioni kuidharau meza ile. Nikasema mtengenezaji ameishiwa fikra, akaona ni rahisi kumfufua maiti kuliko kumtafuta mwandishi. Watu walipiga simu kunisifu. Jumapili iliyofuata nikajifungia na migraine, nikaiangalia meza ile tena.

Dharau hii sikuipata chuo kikuu. Niliinyonya kwa mama. Alikuwa mtu wa Yanonge, kando ya mto, alikuwa akiuza samaki wa kukaushwa, na sokoni hakupita meza ya mwenzake bila kusema, "Hii ilikufa na magonjwa." Alidharau kanga zangu, upishi wangu, diploma yangu. Machozi ndiyo aliyadharau kuliko vyote. Mtoto nikilia, ananiangalia mpaka nachoka, kisha anasema, "Ukimaliza, sahani ziko pale." Nikakua hivyo, macho makavu.

Sasa kwetu watu wa mto, msiba hauliliwi kwa maji ya macho tu. Unalia na maneno. Binti mkubwa anamwita marehemu mbele ya watu wote, anamlaumu, anamuuliza anamwachia nani, na wanawake wanamjibu. Papa, baba yangu, alipokufa, mwili ulipoingia ndani ya parcelle, uwanja wa nyumba yetu, wote walininyamazia wakingoja. Nikasema asanteni kwa kuja. Kwa Kifaransa.

Mama mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, alinipima kutoka kichwani mpaka miguuni. Siku ya kurudi Yanonge akasema mbele ya matanga nzima: "Huyu hakumulilia baba yake. Tutamuona kwa mama yake." Kila mtu alielewa. Binti anayekosa kilio mara ya pili, watasema ni yeye aliyewala wazazi wake kwa uchawi. Baada ya hapo hakuna anayekunywa maji nyumbani kwako, na watoto wanavutwa mkono wakipita mbele ya mlango wako. Wasomi wanayacheka mambo hayo. Wao pia maji hawanywi.

Halafu mama akafa. Alikufa hospitalini, hapa hapa mjini, baada ya kumwambia muuguzi kwamba sindano hajui kuipiga. Mama mukubwa akapanda na baleinière, ile boti ndefu ya mbao yenye mota, pamoja na wanawake wa ukoo. Wakatandika mikeka yao kwenye parcelle yangu. Wa kwake aliutandika mkabala na kiti changu, akakaa, akaanza kungoja. Sikumsikia akiuliza habari za jeneza wala za kaburi. Alikuwa ananingoja mimi.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, kwa ajili yangu na kwa ajili ya bwana yangu mwema ambaye hakuna mtu angekunywa tena chai yake. Nilijaribu kujizoeza. Nilikata vitunguu jikoni mpaka vikaisha. Macho yakawasha, basi. Nilijifungia bafuni nikaita "Mama," na sauti ikatoka kama naita majina darasani.

Siku ya kutoa mwili morgue, gari liliingia asubuhi. Jeneza likawekwa chini ya bâche, lile turubai la bluu tunalolitandaza kwa kila msiba. Wanawake walianza kilio, kisha wakapunguza, kisha wakanyamaza, ndivyo desturi ilivyo, kumpa binti nafasi. Mama mukubwa alikuwa amekunja mikono. Nikapiga magoti. Nikafungua mdomo, na Kifaransa changu chote hakikuwemo, wala Kiswahili.

"Mama," nikasema, "amuka unigombeze. Nyumba hii imenyamaza sana."

Nilisikia sauti imetoka puani. Na kabla sijajizuia, nikakohoa.

Nilikohoa pale pale anapokohoa yeye, kikohozi kile kile kikavu, kwa sababu masikio yangu hayajawahi kuyasikia maneno yale bila kikohozi chake. Kisha nikaendelea, maana mtu aliyefika katikati ya mto hawezi kusema anashuka: "Nani sasa ataniambia nimevaa mubaya?"

Mwimbaji mmoja wa kwaya, kati ya wale wasioziangalia kamwe, alitoa uso wake kwenye kikwembe, kitenge chake, akanitazama. Mwenzake akajiziba mdomo. Nikawaona wote, mstari baada ya mstari, wanafiki wa parokia nzima, na kila mmoja alikuwa anajua sehemu ya ngapi. Niliwaza: basi, imekwisha. Mchawi tu ingekuwa nafuu. Sasa ni mchawi aliyemzika mama yake kwa maneno ya takataka.

Mama mukubwa akasimama. Alikuja polepole kati ya viti vya plastiki, akafika, akasimama juu yangu. Akaweka mkono kwenye jeneza.

"Umuache alale," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Alishagomba ya kutosha."

Neno kwa neno. Hata pale mtafsiri anapovuta pumzi, na yeye alivuta. Kisha akarusha kichwa nyuma akapiga kilio, na wanawake wote wakakidaka, na parcelle ikatetemeka. Tangu siku hiyo watu wanasimulia jinsi nilivyomlilia mama yangu. Hakuna aliyeangalia kama macho yangu yalikuwa na maji. Hayakuwa nayo.

Matanga ilipokwisha nilimsindikiza bandarini. Hatukuwa tumezungumza habari ile. Tulisimama kwenye matope kati ya mbuzi na magunia, wanawake wenzake walishapanda, na yeye akaangalia kushoto na kulia.

"Ile filme," akasema chini chini. "Kwetu Yanonge iliishia ya pili. Simu ilianguka mayini, mtoni. Ya tatu ulishaiona?"

"Nilishaiona, mama mukubwa."

"Yule mama yake. Anarudi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa na nusu saa nzima ya jibu. Nilitaka kumwambia kwamba ni upuuzi mtupu, kwamba mlango unafunguka tu, anaingia na mkoba wake, hakuna anayeuliza, wanampisha kiti wanakula.

"Anarudi," nikasema.

Nililia pale bandarini, kamasi na yote, bila neno hata moja, la kwangu wala la mtu. Nililia vibaya sana. Ingekuwa kwenye filamu ningesema huyu mwanamke hajui kuigiza.

Mama mukubwa alinitazama, kama dada yake alivyokuwa akinitazama, mpaka nikachoka.

"Sasa ndiyo unalia," akasema. "Watu wote walishaenda kwao."

Akachukua ncha ya kikwembe chake, kinanuka moshi na samaki, akanipangusa uso kwa nguvu kama anasugua sufuria. Halafu akarudi nyuma kidogo, akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akavuta bega la robe yangu upande mmoja.

"Na hii umeivaa mubaya," akasema, akapanda baleinière.