Mzee Alipoacha Kazi ya Mpakani

Siku mume wangu alipomfukuza mteja wangu mkubwa dukani naikumbuka vizuri sana, mwanangu. Hata kitenge alichokuwa amekishika yule mama bado nakiona: cha kijani, chenye samaki wadogo wa njano. Nakuhadithia leo kwa sababu jana ulikuja hapa umenuna, ukasema baba yako ameacha kazi mwezi uliopita na sasa anagombana na kila sufuria ya nyumbani. Ukasema, “Mama Nadine, mi nimechoka. Si apumzike tu?” Sikukujibu, maana nilikuwa na mapovu ya sabuni mpaka viwikoni, na mdomo wangu unaujua, ukianza kusema, kuufunga ni taabu. Leo nimekaa. Vuta kile kiti.

Hayo maneno ya “apumzike tu” sisi sote tuliyasema. Mume wangu, Melkiori, alifanya kazi ya forodha, duane kama tunavyoita hapa, pale Gatumba, tunapopakana na Wakongomani. Aliingia kijana mwembamba, akatoka mzee mwenye mvi. Mimi alinioa nikiwa mdogo kwake kwa miaka mingi, kwa hiyo siku alipostaafu mimi bado nilikuwa na nguvu zangu, na duka langu la vitenge kule mtaa wa Asiatique lilikuwa limechangamka. Watoto wakamnunulia kiti cha kulalia. Wakakiweka barazani, wakamwambia, “Papa, umeisha tumika kazi, sasa ni kupumzika.” Alikaa siku ya kwanza. Siku ya pili alikisogeza kivulini. Siku ya tatu nikamkuta jikoni amefunua kikapu changu cha sokoni, anainua mboga za lengalenga fungu kwa fungu, anatazama chini ya ndagala, wale samaki wadogo.

“Unatafuta nini?” nikamuuliza.

“Apana, sitafuti. Nilikuwa naangalia tu.”

Nikacheka. Wewe cheka tu, ilikuwa inachekesha. Mwezi wa pili sikucheka tena. Aliuliza watoto wa jirani wanatoka wapi na wanaenda wapi. Alimsimamisha mtu wa mkaa langoni, akapapasa gunia. Usiku hakuna shida, alilala, lakini asubuhi aliamka mapema, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, kisha akabaki amesimama katikati ya sebule hajui miguu impeleke wapi. Nilimhurumia, nikamwambia twende dukani anisaidie. Nilidhani nimefanya jambo la akili.

Basi akakaa mlangoni pa duka. Unamjua Mama Feza, yule Mkongomani wa Uvira mwenye kicheko kikubwa? Siku hizo yeye ndiye alikuwa akinichukulia vitenge vingi kuliko wote, anavivusha, anauza kwao. Siku hiyo alifika na furushi lake kichwani, akalitua, akachukua kile cha samaki wa njano. Hajakikunjua vizuri, mzee akainuka.

“Unatoka wapi?”

“Uvira, mzee. Unanijua.”

“Na hii furushi ndani kuna nini? Fungua tuone.”

Mama Feza akamtazama, akanitazama mimi. “Mzee,” akasema, “mpaka niliisha kuvuka asubuhi. Nilizani hapa ni duka.” Akaweka kitenge changu chini, akabeba furushi lake, huyo, akaenda zake kwa mwenye duka wa upande wa pili. Mimi nilimgeukia Melkiori nikiwa nimewaka. Unajua alinijibu nini? “Lakini mi nilikuwa namusalimia.” Na alikuwa anasema kweli, maskini! Miaka yote ile hakuwahi kumsalimia mtu mwenye furushi kwa namna nyingine. Hiyo ndiyo salamu aliyokuwa nayo.

Mimi wakati ule sikuona hivyo. Niliona duka langu linakufa. Jioni ile ile nikapanda mlima hadi Gihosha kwa wifi yangu, dada yake mkubwa, Perpetua. Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyezoea kukusikiliza huku anafanya kazi nyingine, na siku hiyo alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza yote. Nikamaliza kwa kumwomba amchukue kaka yake akae naye huko Gihosha kwa muda, hewa ni nzuri, apumzike, nami nipumue. Perpetua akaendelea na maharage yake mpaka nikadhani hakunisikia.

Kisha akasema, “We ulimupenda akiwa na kofia ya kazi. Leo hana kofia, unanirudishia?”

Nikasema si hivyo, dada, mimi nampenda, ila ananimalizia wateja. Akasema, “Mutu akizoea kuhitajiwa kila siku, halafu asubuhi moja hakuna hata mutoto anamuhitaji, unataka afanye nini? Na ninyi mumemupa kiti!” Alilitamka neno kiti kana kwamba tulimpa sumu. Akainuka, akatikisa maganda kwenye kitenge chake. “Jumamosi ijayo wakwe wanakuja kuomba Aline. Melkiori ndiye atasema kwa upande wetu. Mwambie.”

Nilishtuka sana. Aline alikuwa binti wa mwisho wa Perpetua, msichana mpole, na kijana aliyempenda alikuwa wa familia ya mtaa wa Kiriri, watu wa magari na bustani. Kwa desturi yetu, na wewe umeshaiona, wakwe wakija hawasemi moja kwa moja. Wanakaa upande wao, sisi upande wetu, kila upande una msemaji wake. Msemaji wao anazunguka na maneno matamu, eti wanapita tu, eti wamesikia hapa kuna kivuli kizuri. Msemaji wetu anajifanya haelewi, anauliza, anawachelewesha kidogo, watu wanacheka, mpaka wakati wa kukubali unafika. Ukimweka mtu asiyejua kiasi, wageni wanakasirika, na msichana anabaki nyumbani analia. Nikamwambia Perpetua, “Dada, huyu atawafukuza kama alivyomfukuza Mama Feza. Mtoto atakosa ndoa.” Akasema, “Basi tutajua.”

Wiki ile sikula vizuri. Melkiori alipopata habari akaomba shati lake jeupe. Alikwenda kwa wazee wawili kule Ngagara wanaojua maneno ya kale ya sherehe, akarudi anajisemea peke yake chumbani. Mimi nilikuwa nasikiliza mlangoni. Aline naye alikuja kunishika mkono, akaninong’oneza, “Tantine, mwambie mjomba asiwaulize sana.” Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia, nilishindwa.

Jumamosi wageni wakafika na suti zao, wakakaa chini ya hema tulilofunga kwa Perpetua. Msemaji wao alikuwa bwana mnene, maarufu, anachanganya Kirundi na Kifaransa na kila sentensi inatoka imenyooka. Alipomaliza kuzunguka, Melkiori akasimama. Akamtazama kuanzia kiatu hadi kipara, taratibu. Mimi nikafunga macho.

“Karibuni sana. Munatoka wapi?”

“Tunatoka Kiriri, mzee wetu.”

“Kiriri ni hapo tu. Na mumevaa hivi, mumejipaka marashi hivi, kwa safari ya hapo tu? Kuna kitu.”

Watu wakaanza kucheka. Nikafungua jicho moja.

“Mumebeba nini?”

“Tumebeba mapendo, mzee.”

“Mapendo. Kilo ngapi?” Hapo hema zima likalipuka. Yule bwana mnene mwenyewe alipangusa machozi. Melkiori hakucheka, aliuliza vilevile kama alivyowauliza wenye malori mpakani. “Na ni mapya, ao yameisha tumika kwingine? Mutabaki nayo hapa, ao munapita tu? Wenye kupita tu mi nawajua. Nimewaona wengi.” Kila swali likaleta vicheko, na yule bwana akajitahidi kujibu, akaishiwa, akajibu tena. Nilimtazama mume wangu nikaona mabega yamenyooka. Sikuwa nimeyaona mabega yale tangu aache kazi.

Halafu sauti yake ikawa nyingine. Akasema, “Mi nimekaa mu mpaka miaka mingi. Kila kitu kinachopita, kuna mutu anajibu juu yake. Gunia ya muhogo tu, mutu anajibu. Leo munataka kupita na mutoto wetu. Siku mutoto huyu analia mu nyumba yenu, nani atajibu? Sitaki munitajie jina ya familia. Nataka mutu, asimame nimuone.”

Yee! Hilo halimo katika desturi. Baba wa kijana akaanza kurekebisha tai. Watu wa Kiriri hawajazoea kuambiwa wasimame, na mimi nikajisemea, haya sasa, ndoa imekwisha. Nyuma ya pazia nilisikia wasichana wakimtuliza Aline. Perpetua alikuwa amekaa kando yangu, hata yeye alikuwa ameshika goti lake.

Akainuka bibi wa kijana. Alikuwa mzee kuliko wote pale, mdogo wa mwili, amefunga imvutano, vazi letu la sherehe, na ilibidi ashikilie mgongo wa kiti. “Ni mimi,” akasema. “Mi nitajibu. Na nikikufa, atajibu huyu.” Akamgusa mama wa kijana begani, na mama wa kijana akainuka mwenyewe, suti yake ya hariri na yote, akasimama wima mbele ya mume wangu.

Melkiori akawatazama wote wawili. Akasema, “Basi. Piteni.”

Vigelegele vilivyopigwa siku ile! Nililia mbele za watu bila aibu. Nililia kwa ajili ya Aline, ndiyo, lakini zaidi nilimlilia mzee wangu, maana nilikuwa nimeishi naye miezi kadhaa kama mtu mwenye ugonjwa, kumbe haumwi kitu. Tulipoteremka Gihosha jioni, akasema, “Mama Nadine, leo walinisikiliza.” Nikamwambia, “Hata mimi nilikusikiliza.” Nikamshika mkono, pale barabarani, watu wanatuona, na sisi hatukuwa wa kushikana mikono.

Wiki iliyofuata walikuja wanaume wawili nyumbani kumwomba asimame kwa ajili ya binti yao. Wakaja wengine, kutoka Kinama, kutoka Buyenzi. Usidhani kila kitu kilikuwa sukari. Kuna mahali aliuliza maswali mengi mpaka wali ukapoa, tukaona aibu. Kuna familia ilimkasirikia kabisa. Naye alijifunza, alianza kwenda kwa wakwe kabla ya siku yenyewe, anawasikiliza, anajua ni nani wa kutaniwa na nani si wa kutaniwa. Na kikapu changu cha sokoni hakukigusa tena. Mama Feza nilimwendea mwenyewe kumwomba radhi, akarudi, ingawa kwa muda mrefu alikuwa anachungulia kwanza mlangoni kuhakikisha mzee hayupo ndipo aingie.

Sasa nakwambia wewe. Baba yako mimi sijui afanye nini. Yeye alikuwa mtunza bohari, hakuwa mtu wa mpakani, na si kila mtu wa kusimama mbele ya watu. Wala usimpeleke kilimani kuchunga ng’ombe kwa sababu eti ndivyo wastaafu wanavyofanya, ikiwa ng’ombe hajawahi kuwapenda. Ninachojua ni hiki: hicho kinachowaudhi ninyi nyumbani, kwamba anapanga sufuria zenu upya na kuwauliza kijiko kilikwenda wapi, ndicho alicholipwa kukifanya maisha yake yote. Kakitafutie mahali. Parokiani kuna vitu vimerundikana hakuna ajuaye kilipo kitu. Chama cha akina mama wanaokodisha viti na masufuria ya sherehe kila siku wanapotelewa. Zungumza nao, kisha uondoke, waje wao wenyewe kumwomba. Usimbunie kazi ya uongo ya kumfurahisha, atakugundua, wazee si watoto. Lazima awe anahitajika kweli, na siku asipokwenda, mtu aone pengo.

Akirudi jioni, mpe maji, muulize habari za huko alikotoka, umsikilize hata kama anarefusha. Na wewe mwenyewe, ungali na kazi yako na kadi yako shingoni, anza mapema kuwa na jambo ambalo watu wanakuomba hata ukiwa nyumbani umevaa ndala.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu akubariki, mwanangu. Ambariki baba yako, ampe afya, ampe watu wa kumsumbua. Akujalie jioni nyingi za kupika chakula kikapoa, kwa sababu baba amechelewa, kuna mahali wamemzuia, bado wanamhitaji.