Ndiyo ya Mtaa Wetu

Wafanyabiashara wenzangu walinichagua mimi kwenda kusikiliza kikao cha madiwani kwa sababu mbili: naandika haraka, na si mtu wa mdomo. Ya pili aliisema muuza mikanda, jirani yangu wa meza, huku anacheka. "Mama akienda hatutapelekana polisi. Mimi wakinikera natukana." Sijui kama zilikuwa sababu za kutosha. Nimeishia darasa la saba, na maneno ya vikao mengine yananipita. Lakini nilivaa baibui langu zuri, nikamwachia yeye meza yangu, nikaenda mjini Posta, kwenye ukumbi wa madiwani.

Shauri lilikuwa hili. Kulikuwa na hoja ya kuondoa meza zote za mtaa wetu, pale Kariakoo, tuhamishiwe ghorofani kwenye jengo la soko. Mimi nauza mitandio, na mtandio haupandiwi ngazi. Mtu anaununua kwa sababu ameuona akipita, akakumbuka ana shughuli Jumamosi. Meza ile pale ukutani ndiyo imewalea wanangu. Ikiondoka sina nyingine.

Niseme na ya upande wa pili. Nyuma ya meza yangu kuna duka la mzee mmoja wa Kiarabu, familia yao ipo mtaa ule tangu sijazaliwa. Sisi tumemziba. Wateja wake wanaingia ubavuubavu. Hajawahi kunifukuza, akifungua asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu, "Marahaba mwanangu, leo niachie japo njia ya paka." Nacheka, nasogeza kidogo, ikifika mchana nimesharudi palepale. Ningekuwa mimi ndiye niliye ndani, ningelalamika mapema kuliko yeye.

Mlangoni mwa ukumbi mhudumu alituambia wageni: simu zimeni, hakuna kuongea, hakuna makofi, na anayetaka kutoka asubiri kikao kifungwe. Akatupanga viti vya nyuma, mimi mwisho kabisa ukutani, magoti ya watu yote yakiwa kati yangu na mlango. Madiwani waliingia na majoho yao. Wa kwetu alikaa mbele, nikawa nakiona kisogo tu.

Nilikuwa na moyo, kwa sababu alituahidi kututetea. Hapana, niandike alivyosema: alisema atatusemea. Zamu yake ilipofika akasimama.

"Mstahiki Meya, hawa wafanyabiashara nimewafuata mwenyewe barabarani. Nimewaeleza jambo hili lote, na mwisho tumeelewana. Wameitikia ndiyo, mtaa mzima. Naunga mkono hoja."

Wenzake wakagonga meza.

Ni kweli alikuja. Ilikuwa asubuhi, hatujamaliza kupanga bidhaa, akapanda juu ya kreti ya soda akatueleza: meza zitaondoka, kila mtu atapewa nafasi juu. Hakuficha kitu. Akamalizia, "Jamani, tumeelewana?" Tukaitika, "Ndiyooo!" Na mimi nadhani sauti yangu ilikuwa miongoni mwa zile kubwa. Tuliitika kama unavyomwitikia mtu wa cheo aliyekufuata ulipo, ameongea kirefu, na jua linapanda. Nilichomaanisha ni kwamba nimemsikia.

Lakini pale kitini nikaanza kujiuliza. Mteja akivutana nami bei, mwisho akasema "haya, tumeelewana," mimi namfungia mzigo. Sikai nikidhani anamaanisha tu kwamba bei ameisikia. Kariakoo nzima tunalitumia neno hilo hivyo. Sasa diwani amekuja Kariakoo, kasema neno la Kariakoo, halafu nataka yeye alielewe vingine? Labda hakutudanganya. Labda alijua fika tutaitika nini, ndiyo maana akauliza hivyo. Mimi sikuwa ndani ya kichwa chake.

Nilikuwa na maneno machache tu ya kusema: tulielewa, hatukukubali. Nikainua mkono ukafika begani. Mhudumu akanitazama, akatikisa kichwa taratibu, bila ubaya, kama unavyomkanya mtoto msikitini. Nikaupeleka mkono kichwani, nikajifanya natengeneza mtandio.

Diwani mmoja wa kata nyingine, mama wa makamo, akauliza kama wafanyabiashara wenyewe wapo. Akajibiwa wapo, wawakilishi wao wamekaa kule nyuma na wametulia. Wametulia! Akageuka kututazama. Nilimkazia macho mpaka yakaniuma, sijui aliona nini.

Meya akasema, "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo."

"Wasioafiki waseme siyo."

Siyo zilikuwepo, na nisizipunje: zilitoka upande wa yule mama, nzito kuliko nilivyotegemea. "Waliosema ndiyo wameshinda," akasema Meya. Wakaingia kwenye habari za mitaro ya maji machafu, nami nikazisikiliza zote, kwa kuwa nisingeweza kutoka.

Niliporudi mtaani, muuza mikanda aliniona tangu kona. "Mama, vipi huko?"

"Imepita."

"Imepita kwetu au kwao?"

"Kwao."

"Kura ngapi kwa ngapi?"

"Hawakuhesabu. Wanaitika ndiyo, wanaitika siyo, Meya anasikiliza ipi kubwa."

"Kwa sikio?" Akashika kiuno. "Si wangetuita sisi! Kwa kelele nani anatuweza?"

Ikanibidi nimwambie kwamba kelele zetu zilifika kabla yangu. Nikamweleza alivyosema diwani. Akaacha kucheka.

"Ile? Ile si tulikuwa tunamwitikia tu mheshimiwa! Tungemnyamazia, abaki juu ya kreti kama kafiwa?"

"Hata mimi nilifikiri hivyo."

"Na hukuwaambia?"

"Mgeni haongei."

"Aah, mama." Afadhali angenitukana.

Mzee wa duka alikuwa mlangoni, najua alisikia. Kama alifurahi hakuonesha. Alirudi ndani akawasha feni.

Dada mmoja akasimama mezani kwangu, akavuta mtandio wa zambarau. "Nasikia mnapandishwa ghorofani," akasema. "Basi nipe bei ya kuhama, mama. Si bora ubebe kidogo?"

Nilitaka kukasirika, ila alichosema kilikuwa sawa. Nikampunguzia, nikamfungia miwili.