Visu Vinane vya Kupogoa Chai

Mume wa jirani yangu alikuwa fundi wa kunoa. Alipogoa chai miaka mingi katika shamba kubwa kabla ya kununua kipande chake karibu na kwetu, upande wa Kimulot. Kisu butu hupasua tawi la chai, na tawi likipasuka linakauka. Kwa hivyo kila baridi ya Julai tulimpelekea visu vyetu, akanoa vyote, halafu tukapogoa kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho. Hawakuwa kabila letu, walitoka ng'ambo ya mpaka wa wilaya. Lakini mkewe na mimi tulizaa mwaka mmoja, na mtoto wangu akilia nikiwa mbali, yeye ndiye alimnyonyesha.

Mwaka huo wa tisini na kitu uchaguzi ulikuwa karibu. Kwa kituo cha kupimia majani ya chai, tukingoja lori la kiwanda, maneno yalikuwa ya "hao" tu. Hao ni wajanja. Hao wanaweka kitu rohoni. Kila mwanamke alikuwa na lake, mimi sikuwa na kitu. Nilitaka tu na mimi nisikizwe.

"Nimepita kwao asubuhi," nikasema. "Mzee ananoa visu. Nimehesabu vinane."

"Vinane! Vya nini, na yeye ana mikono miwili?"

"Muulize wewe, kama una miguu ya kukimbia."

Tukacheka sana.

Sikusema ni vya kupogoa. Sikusema kimoja ni chetu, mume wangu alikipeleka mwenyewe. Hao wanawake pia walijua ni msimu wa kupogoa, lakini siku hizo mtu alikuwa anajua kitu na bado anakiogopa.

Lori likaondoka na majani yetu na neno langu, likapitia vituo vyote mpaka kiwandani. Kesho yake neno likarudi kutoka kiwandani Kapkatet limekuwa gunia la mapanga, na wanaume wageni wanalala kwao. Siku hizi wajukuu wangu hunisomea mambo kama hayo kwa simu: watu wa kabila fulani wameonekana wakifanya hivi na vile. Mimi huwauliza, nani ameona? Na huyo aliyeona, ameacha kusema nini? Wanafikiri nyanya hajui mambo ya simu. Kweli sijui. Lori la majani ndilo ninalojua.

Jumamosi tukaitwa kokwet, mkutano wa mtaa. Jirani yangu na mumewe walisimama mbele. Mwenyekiti akauliza, "Nani aliona hayo mapanga kwa macho yake?"

Mimi nilikuwa nyuma na wanawake. Nikamshusha mtoto mgongoni nikajifanya namnyamazisha, na hakuwa analia. Mume wangu akanitazama, halafu akatazama chini. Yeye pia alikuwa na kisu kwa yule fundi.

"Ni visu vyenu," yule fundi akasema. "Kila mtu aje achukue chake."

Hakuna aliyeinuka. Kijana mmoja akasema, "Lisemwalo lipo!" Wengine wakapiga makofi. Jirani yangu na mumewe wakapewa mpaka Jumatatu wawe wameondoka.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, jirani yangu akaja kwangu. Mimi sikuwa nimeenda, ningeimba nini? Alikuwa amebeba kisu chetu, amekifunga kwa majani ya mgomba. Mumewe alikuwa amemaliza kukinoa.

"Mama," akaniambia, "kiweke juu. Kimekuwa kikali, watoto wasikiguse."

Hapo ningesema. Tulikuwa sisi wawili tu kwa mlango. Ningesema ni mimi, ningemshika mkono turudi kwa mwenyekiti. Hata leo sijui kama alikuwa amejua. Nikapokea kisu kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu, nikasema, "Asante. Safari njema."

Akaenda kufunga vyombo.

Julai hiyo tulipogoa shamba letu na kisu hicho. Kilikata vizuri, hakuna tawi lililopasuka. Lakini nusu ya shamba lao ilibaki bila kupogolewa, chai ikarefuka ikawa miti.

Watoto wao walikuwa watano. Majina yao ninayo yote, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na huyo wa mwisho ndiye alinyonya pamoja na wangu. Siyaandiki hapa. Nimetaja watu vya kutosha.