Maziwa ya Mama Aliyevuta Gazi

Nilikuwa kwenye duka la dawa, nangoja zamu yangu, mama mmoja akaingia akikohoa, macho mekundu, kitenge amekibana puani. Akaomba maziwa. Huku Bukavu ndivyo tunavyoamini: sumu yoyote, hata ya kuvuta, maziwa yanaizima.

"Ulikuwa nafanya nini, maman?" mwenye duka akamuuliza.

"Nilikuwa nasafisha choo. Nikaweka Javel ya kufulia nguo nyeupe, nikaona haitoshi, nikaongeza asidi. Nikafunga na mulango, harufu isifike ku salon ya kupokelea bageni. Nilikuwa nabangojea."

"Hiyo ni gazi ya klori, inaunguza mapafu. Maziwa haifiki kule."

Akamtoa nje penye hewa, akamvua kile kitenge kilichoshika gazi, akamwosha macho kwa maji safi mengi. Kisha akaita pikipiki.

"Sasa uende hospitali, wakusikilize kifua. Na leo usilale peke yako, juu ya hiyo gazi pumzi inaweza kukata kisha masaa kadhaa. Nani iko ku nyumba?"

Mama akatazama mikono yake.

"Bageni ni batoto yangu. Asubui balipiga simu, bakasema habakuye tena."

"Na bado ulikuwa nasafisha?"

"Pengine batabadilisha mawazo." Akapanda pikipiki. "Unipe tu ile maziwa. Banapenda chai ya maziwa."

Mwenye duka alisema kweli, maziwa hayafiki mapafuni. Sijui yanafika wapi, lakini mama aliondoka ameyakumbatia kwa mikono miwili.